Jumeli Mbili na Ng'ombe wa Ng'ambo ya Kijito

Tangu nirudi sijakaa barazani hata asubuhi moja bila mtu kuniuliza. Shangazi anataka kujua nilikula nini. Wanawake wa kisimani wanauliza kama ni kweli nilifanya kazi ya fundi mbele ya wanaume. Wateja wa baba wanauliza habari za ng'ombe. Kila mmoja nimempa kipande, na vipande hivyo vimezunguka mji na kunirudia vikiwa na simba ndani yake. Hapakuwa na simba. Nimeona afadhali niandike yote mara moja, tangu kutoka mpaka kurudi. Mambo ya vibali na mihuri nayaacha, kwa kuwa mnayajua na hayana utamu.

Uvira hadi Makobola

Baba yangu, Athumani, ni fundi wa saa. Mikono yake ilianza kutetemeka mwaka ule ule mume wangu alipofariki nami nikarudi nyumbani. Tangu hapo yeye huweka saa sikioni na kuutaja ugonjwa wake, mimi hushika bisibisi. Wateja wengi hawajui kwamba saa zao zimepita mikononi mwangu, na baba huwa hawaambii.

Aliyetuletea habari ni Nabintu, mama Mfuliiru anayepandisha chumvi na mafuta ya mawese milimani. Alikaa chini, akanywa maji, kisha akasema, "Baba Athumani, Rukema amenituma kwako. Hakunituma karibu. Alipaza sauti toka ng'ambo ya kijito."

Rukema ni mfugaji wa Bijombo, rafiki wa baba wa miaka mingi. Kila akishuka kuuza siagi hulala kwetu. Nabintu alitueleza kwamba ugonjwa wa ng'ombe umeingia upande wa Rukema, na serikali imeweka karantini: mtu wala mnyama asivuke kijito, kwenda wala kurudi. Upande huu wa kijito anakaa jirani yake, Gasore. Gasore alipotelewa na ng'ombe wake mwekundu aitwaye Gaju kabla ya karantini. Kisha akanunua jumeli mpya Usumbura, akatazama ng'ambo, akasema amemwona Gaju katikati ya ng'ombe wa Rukema.

"Amemushitaki kwa kapita, mukubwa wa kilima," alisema Nabintu. "Kapita amesema Alhamisi ijayo. Kama Rukema hana muntu wa kuona tofauti, jina lake litatoka kuwa mwizi. Rukema anasema ulete ile jumeli yako ya zamani, na macho ya kuaminika."

Baba alikuwa na jumeli kweli, darubini ya macho mawili aliyoachiwa na askari mmoja mzee wa vita ya kwanza. Ni ya shaba, ngozi yake imekwisha kwenye pembe, na kila jicho hulengwa peke yake kwa kuzungushwa. Alinifundisha kuifungua nilipokuwa mwali. Ndani ya kila bomba mna vipande viwili vya kioo kinene chenye pembe. Mwanga unaingia, unapinda, unapinda tena, ndipo unafika jichoni, na ndiyo maana vioo vya mbele vimekaa mbalimbali kama mabega, na vya nyuma vimekaribiana.

Baba alinyoosha miguu yake akayatazama magoti. "Minye siwezi ule mlima," akasema. "Utaenda weye, Zaina."

Nikasema nitakwenda. Nilikuwa nimeshaamua kabla hajamaliza kutazama magoti yake.

Tuliondoka Jumamosi asubuhi juu ya lori la pamba, mimi, Nabintu na abiria wengine juu ya magunia matupu. Makobola si mbali, lakini lori lilisimama mara tatu. Mara ya kwanza maji yalichemka. Mara ya pili dereva alimwona shemeji yake. Mara ya tatu mto ulikuwa umejaa kwa mvua ya milimani, tukangoja ukingoni tangu adhuhuri mpaka alasiri, tukila ndizi za kuchoma. Nabintu alilala fofofo juu ya magunia. Mimi nilihesabu siku kwa vidole na kila mara nikapata jibu lile lile.

Siku mbili Makobola

Makobola ilitubidi kungoja chumvi ya Nabintu, iliyokuwa inakuja na lori jingine. Bila chumvi asingepanda, na bila yeye nisingejua njia. Jumapili asubuhi nikaona nitumie muda kuyazoeza macho yangu. Nikakaa juu ya mwamba, nikalenga mitumbwi ziwani, nikawa nasema kwa sauti ninachokiona: huu una watu watatu, ule una wawili, ule una tanga lenye kiraka.

Sikujua kwamba nyuma yangu wamesimama wavuvi wanne. Walichosikia wao ni mtu kutoka mjini anayehesabu mitumbwi.

"Iko ya kodi," mmoja akasema. "Wanataka kutoza kodi kila mutumbwi, wametuma mwanamuke ili tusishituke."

Nilijieleza. Kadiri nilivyojieleza ndivyo nilivyozidi kuonekana mwongo, maana nani atasadiki kwamba mwanamke wa Kiislamu wa Uvira anapanda Bijombo kumtazama ng'ombe? Waliichukua jumeli, wakaifunga katika nyumba ya mkubwa wao, wakasema watamwuliza atakapotoka ziwani.

Siku nzima ya Jumapili ilipita hivyo. Mkubwa wao hakurudi. Jumatatu asubuhi nilikwenda kwa mke wake, Mama Feza, nikamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nikashika mchi wa pili, tukatwanga pamoja bila maneno. Sombe ilipolainika akaniuliza kile kintu kinafanya nini hasa. Nikamwambia akilete atazame mwenyewe, mimi nitakaa mbali.

Alikileta. Nikamwelekeza kwa maneno: funga jicho la kulia, zungusha la kushoto mpaka uone vizuri, kisha geuza. Akatazama ziwani kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, "Ule ni mutumbwi wa bwana yangu. Na ile yenye iko inaandamana naye, anaijazia samaki zangu."

Mumewe alikuwa anauza nusu ya samaki katikati ya maji, kabla hajafika kwa mkewe. Sikusubiri kuona watakavyoongea. Mama Feza alinirudishia jumeli mwenyewe, akaongeza na fungu la ndagala, samaki wadogo waliokauka vizuri, akasema nikawape wenyeji wangu huko juu. Jioni chumvi ikafika.

Kupanda

Jumanne tulianza mlima kabla jua halijawa kali. Nabintu alikuwa na mzigo wa chumvi mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, na bado alinitangulia. Mimi nilikuwa na kitambaa chenye jumeli, kijaluba cha bisibisi za baba, na wale ndagala. Saa moja baadaye nilivua viatu. Saa mbili baadaye niliacha kuuliza kama tumekaribia, kwa sababu Nabintu hujibu swali hilo kwa kuongeza mwendo.

Mvua ilitupata kwenye mteremko wenye udongo mwekundu unaoteleza. Nilianguka mara mbili. Mara zote mbili niliinua jumeli juu na kuacha magoti yapokee. Nabintu alinitazama nikijifuta.

"Ingeanguka hiyo, tungerudi?" akauliza.

"Ingeanguka, ningeitengeneza."

"Na wewe ungevunjika?"

"Ungenibeba juu ya chumvi."

Alicheka, akanipa fimbo yake. Tulilala kwa mkulima mmoja aliyetupa viazi vitamu na maharage, tukakausha nguo kwa moto wake. Jumatano tukaendelea. Migomba ikaisha, hewa ikawa baridi, nyasi zikawa fupi, na nyuma yetu ziwa likabaki kama bati lililoachwa juani. Alasiri tukaingia Bijombo.

Mwenyeji wetu alikuwa Mariya, binti wa Rukema, aliyeolewa upande huu wa kijito. Hakuwa amemgusa baba yake tangu karantini ianze, walisemezana kwa kupaza sauti. Alinipokea kwa kunishika mikono yote miwili. Nami, kwa kutaka kuonyesha adabu, nikafungua fungu langu na kumwekea ndagala mbele yake, pembeni ya vyungu vya maziwa.

Uso wake ulibadilika. Alisimama, akavisogeza vyungu vyake mpaka ukuta wa mbali, kimoja kimoja. Nabintu alinivuta nje na lile fungu.

"Dada Zaina, hawa batu hawakule samaki," akaninong'oneza. "Samaki na maziwa havikai nyumba moja. Wanaogopa ng'ombe itakauka."

Fungu likaenda kwa mkulima wa jirani, aliyefurahi. Mimi nikapewa maji ya kunawa, mikono na mdomo, na maziwa sikupewa mpaka kesho yake. Mariya alinisamehe upesi. Alisema baba yake aliwahi kumsimulia kwamba watu wa ziwa wana mioyo mizuri na harufu mbaya.

Ukungu

Alhamisi kapita alikuja na wazee wake mpaka kilele kinachotazama kijito. Huyu kapita, anayesimamia mambo ya kilima kile, alikuwa mtu mfupi, mpole, aliyevaa koti la mvua lenye mikono mirefu kuliko yake. Gasore alikuwa amefika kabla yetu. Nilimtarajia mtu wa fujo, nikaona mtu mrefu aliyekonda, mwenye jumeli mpya kifuani, nyeusi, inayong'aa, kubwa mara mbili ya yetu.

Hatukuona chochote. Ukungu ulikuwa umejaa bonde lote mpaka miguuni petu. Tulisikia kengele za ng'ombe wa Rukema, na mara moja tukasikia sauti ya Rukema mwenyewe akiita, lakini macho yaliishia kwenye weupe.

Gasore akasema, "Siku iko leo. Minye nilishaona. Yeye binti ya fundi haone, ni shauri yake na ukungu."

Nikamwambia kapita, "Baba kapita, ulisema siku ya kuona. Leo hakuna aliyeona, hata wewe. Siku ya kuona haijafika bado."

Wazee wakatazamana. Kapita alifikiri, akakunja mkono wa koti lake. "Kesho," akasema. "Kama kesho iko ukungu, nitakata kwa yale nilishasikia."

Siku ile nilikaa na jumeli ndani ya nguo, tumboni, maana baridi huitia mvuke ndani ya vioo vya zamani, na mvuke huo hukauka polepole sana.

Jiwe la chumvi

Ijumaa ukungu ulikuwepo asubuhi, ukaanza kupanda kidogo kidogo, na jua lilipofika juu bonde likawa wazi. Ng'ambo, chini ya kilele kingine, kulikuwa na jiwe kubwa la rangi ya maziwa ambalo ng'ombe hupenda kulamba. Wengi walikuwa wamelizunguka. Kwa macho matupu walikuwa kama punje za maharage.

Kapita alitaka tuanze na jumeli ya baba. Nililala kifudifudi, nikaweka viwiko chini. Kwa jumeli yetu picha ni ndogo, lakini imetulia, ina nuru, na unaona bonde pana. Nikamwona ng'ombe mwekundu upesi, amesimama kando ya jiwe, bega la kushoto limetuelekea. Gasore alikuwa ameshasema alama: Gaju ana doa jeupe begani kushoto, kama kiganja cha mtu, na ncha ya sikio moja imekatwa.

"Bega sioni doa," nikasema. "Ni jekundu lote. Sikio silioni vizuri. Ni mbali mno kwa jumeli hii."

Ningeweza kusema nimeona na sikio. Mariya alikuwa nyuma yangu akishika nguo yangu kwa nguvu. Lakini sikuliona, na Rukema aliomba macho ya kuaminika.

Kapita akatazama, wazee wakatazama. Mmoja akasema hakuna doa, mwingine akasema hajui. Gasore hakukasirika. Alivua yake shingoni akanipa. "Ona na hii, binti ya fundi. Hii ina nguvu mara mbili."

Ilikuwa kweli. Ng'ombe alinijia karibu hata nikamwona akipepesa sikio. Lakini picha ilikuwa na giza kidogo na ilitetemeka kwa kila pumzi yangu. Niliiweka juu ya mwamba, ikatulia. Na hapo begani mwa yule ng'ombe mwekundu pakatokea doa jeupe.

Nilitazama tena, doa lipo. Nikaona pia kwamba macho yananiuma, kama ninapovaa miwani ya mtu mwingine. Nikafumba jicho la kulia. Doa likatoweka. Nikafumba la kushoto, nikafumbua la kulia. Hakuna doa. Nikafumbua yote mawili, doa likarudi.

Ndipo nikajua. Kioo cha pembe ndani ya bomba moja kilikuwa kimehama. Kila jicho lilikuwa linatazama mahali pake, jicho moja linaona bega, lingine linaona pembeni kidogo, lile jiwe la rangi ya maziwa, na akili inaviweka pamoja kuwa kitu kimoja. Gasore alikuwa amezoea kutazama saa zile ng'ombe wanapolamba chumvi. Alikuwa anasema kweli kuhusu alichokiona.

Nilieleza. Nikamwomba afumbe jicho moja. Alifanya hivyo, akaishusha jumeli.

"Ukifunga jicho moja, unaona nusu," akasema. "Nani anatoa ushahidi wa jicho moja?"

Wazee wakakubaliana naye. Hata mimi, kama ningekuwa mzee wa kilima kile, ningekubaliana naye.

"Basi niache niifungue," nikasema. "Niirudishe kama ilivyotoka kwa aliyeitengeneza. Utazame kwa macho yote mawili, wewe mwenyewe, na utakachosema ndicho kapita atakachokisikia."

Nabintu alinivuta kando. "Ukiiharibu, watasema Rukema alikutuma uvunje ushahidi. Umefikiri?"

"Nimefikiri."

"Na akiona ni Gaju?"

"Basi ni Gaju."

Gasore alikuwa amenikazia macho. "Haijawahi kuanguka," akasema. "Ni mpya."

Nilikaa chini na kungoja. Alizunguka kidogo, akarudi, akachuchumaa karibu nami, akasema kwa sauti ya chini ambayo wengine hawakuisikia.

"Minye niliitupa. Siku ya kwanza niliyoinunua nilitafuta Gaju milima yote, sikuona. Nikaitupa kwenye mwamba." Akaigeuza jumeli mikononi. "Gaju iko ng'ombe ya bibi yangu. Baba yake alimupa siku ya harusi. Bibi alikufa masika ile ingine. Sina mutoto naye. Ninabaki na Gaju."

Nilimwambia mimi pia ni mjane. Akaniwekea jumeli magotini.

Bisibisi za baba

Mariya alitandika ngozi ya ng'ombe mahali pasipo na upepo. Nilizipanga bisibisi, nikaomba watu wasikanyage karibu. Mikono yangu ilikuwa imekufa ganzi. Nabintu akaikamata, akaipulizia pumzi yake kama mtu anayewasha moto, mpaka vidole vikarudi kuwa vyangu.

Nilitoa skrubu ndogo za kifuniko, kila moja nikaiweka juu ya jani kwa mpangilio wake. Bomba la kulia lilikuwa zima. La kushoto nilipolifungua niliona shida bila kuitafuta: utepe wa bati unaokibana kioo ulikuwa umepinda, na kioo kimetoka kwenye kiti chake kwa unene wa ukucha, na kona yake moja imemeguka. Niliunyoosha utepe. Nikakirudisha kioo. Hakikukaa, kwa sababu ya ile kona iliyomeguka. Kilicheza.

Niliomba karatasi ya kung'aa. Mmoja wa wazee alikuwa na ile inayofunga majani ya chai. Nilikata kipande kidogo kama punje ya mchele, nikakikunja, nikakisukuma chini ya kona. Kisha nikanyanyua jumeli mbali na uso, nikaielekeza kwenye mstari wa kilele cha ng'ambo, nikatazama miduara yote miwili kwa pamoja. Mstari wa kushoto ulikuwa juu kuliko wa kulia. Nikaifungua tena. Nikapunguza karatasi. Mstari ukashuka kupita kiasi. Nikaifungua mara ya tatu. Jua lilikuwa limeshaegemea, na wingu lilikuwa linatoka upande wa ziwa. Kapita alitazama wingu, kisha akanitazama.

Mara ya nne mistari miwili ikawa mmoja.

Nilifunga skrubu zote. Sikutazama ng'ombe. Nilitaka asiseme kwamba nilitazama kwanza. Nilimpa Gasore mkononi.

Aliiweka juu ya mwamba, akapiga magoti. Ng'ombe walikuwa bado kwenye jiwe. Alitafuta, akapata, akatulia. Alitazama kwa muda mrefu hata mzee mmoja akakohoa. Nilimwona akipumua, akizuia pumzi, akipumua tena. Yule ng'ombe, wanasema waliokuwa na jumeli ya baba, aligeuka akaonyesha ubavu wote wa kushoto.

"Sikio ni zima," Gasore akasema. "Bega ni jekundu. Pembe yake inatazama juu. Ya Gaju inatazama mbele." Akainua uso. "Haiko Gaju."

Kapita akauliza, "Unasema mbele ya hawa?"

"Ninasema mbele ya hawa. Rukema hakuiba." Aliinuka, akapangusa magoti. Kisha akasema jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemwuliza. "Basi Gaju alishakufa."

Mariya alikuwa analia kwa furaha, akaacha. Hakuna aliyejua aangalie wapi. Nilikuwa nimepanda mlima ule kumtoa mtu katika aibu, na nilifaulu, na kumbe kwa mkono huo huo nilikuwa nimemzika ng'ombe wa mtu mwingine. Gasore alinishukuru kwa adabu, akashuka peke yake. Dakika chache baadaye wingu likafunika bonde.

Kijitoni

Jumamosi Mariya alitupeleka mpaka kijitoni ili nimwone Rukema kabla sijarudi. Mlinzi wa karantini, kijana wa mbali asiyejua lugha ya pale, alituonyesha kwa fimbo mahali pa kusimama. Rukema alikuwa ng'ambo ya maji, amejifunga shuka, amezeeka kuliko nilivyomkumbuka.

"Binti ya Athumani," akaita. "Baba yako iko muzima?"

"Mzima. Magoti yanamsumbua."

"Mwambie nimesikia. Mwambie jina langu limerudi nyumbani."

Nilidhani atauliza habari za kesi. Badala yake alitazama juu ya bega langu, na nilipogeuka nikamwona Gasore akishuka njia, bila jumeli. Alikuja mpaka kwenye ukingo, karibu na mlinzi. Walitazamana yeye na Rukema, maji yakipita katikati. Nilijua kutoka kwa Mariya kwamba hao wawili walichunga pamoja tangu utoto.

Gasore akasema, "Nilikuita mwizi mbele ya batu. Ninakuomba mbele ya batu."

Rukema aliinua fimbo yake mlalo juu ya mabega, akaanza kusema kwa lugha yao, kwa sauti ya juu, haraka, bila kupumzika. Mlinzi akashtuka, akadhani anatukana, akainua mkono kumnyamazisha. Mariya akamshika.

"Anamusifu Gaju," akanieleza kwa sauti ya chini. "Sisi tunasifu ng'ombe. Anasema alizaliwa na nani, na mama yake alizaliwa na nani, na siku ile ya harusi alipoingia kwa Gasore alitembea namna gani. Alikuwa pale. Anakumbuka yote."

Gasore alikuwa amesimama wima, kichwa kimeinama. Rukema alipofika mwisho, Gasore alitia sehemu yake, maneno machache tu, ambayo Mariya hakunitafsiria nami sikumwomba. Kisha wote wawili wakakaa chini, kila mmoja upande wake, wakaanza kuulizana habari za malisho.

Kurudi

Kushuka kulichukua siku mbili na kucha zangu mbili. Makobola, Mama Feza alitukaribisha ugali na samaki wakubwa, akasema siku hizi mumewe anafikisha mtumbwi ukiwa umejaa. Sikuuliza zaidi. Jumanne lori likatushusha Uvira, na safari hii lilisimama mara moja tu.

Baba aliifungua jumeli yetu mezani, akaifuta, akaniuliza ipi ni bora. Nilimwambia ukweli. Yetu ni bora kwa mtu anayetafuta, kwa kuwa inaonyesha pana na haichoshi jicho. Ile ya Gasore ni bora kwa mtu aliyekwisha pata na anataka kuhakikisha, ila isimame juu ya mwamba, na isitupwe. Alitikisa kichwa kukubali. Kisha, mteja alipoingia na saa iliyokufa, baba akamwambia, "Mupe binti yangu. Ndiye fundi."

Juzi Nabintu ameshuka na habari nyingine. Karantini imeondolewa. Yule ng'ombe mwekundu wa Rukema amezaa jike. Asubuhi ile mlinzi alipokunja kambi yake, wa kwanza kuvuka maji alikuwa Gasore. Nabintu alikuwapo. Anasema Gasore alipita katikati ya ng'ombe wote mpaka kwenye jiwe, akamwekea ndama kiganja begani kushoto, pale Gaju alipokuwa na doa lake, akakiacha hapo.